KUIFUNGA NYUMBA ISIYOKALIWA KABLA YA MASIKA: MFANO WA MAZINGARA

Wapo miongoni mwa watumishi wa Serikali na wakazi wa visiwa hivi ambao asili yao ni Bara, au ambao wamejenga huko kwa sababu za ndoa, urithi au kilimo. Wengi wao wana nyumba inayokaliwa wiki mbili au tatu za likizo, kisha hufungwa kufuli hadi mwaka unaofuata. Taarifa hii inaelekezwa kwao kwanza, na kwa kila mtu anayekusudia kuiacha nyumba tupu katika miezi ya mvua. Mfano uliochukuliwa ni wa Mazingara, upande wa Handeni na Korogwe katika Mkoa wa Tanga, kwa sababu mambo yanayoiharibu nyumba isiyokaliwa yanakutana pale yote: mvua za ghafla, mchwa, udongo unaochukuliwa na maji, na umbali. Mtu aliyepo kisiwani akipata habari kwamba paa limevuja, hana budi kuvuka bahari kwanza, kisha kushika barabara. Mvua kubwa za Oktoba 2019 zilipoikata barabara ya Korogwe na Handeni, hata aliyekwisha kuvuka bahari alikwama njiani.

Katika nchi za baridi kali, mwenye nyumba anayesafiri huyaondoa maji yote ndani ya mabomba kabla ya majira ya baridi. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa kiasi cha asilimia 9, bomba hupasuka, na barafu ikiyeyuka nyumba hufurika. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza wanafahamu kwamba bima nyingi za nyumba huko hubadilisha masharti yake pindi nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60. Sisi barafu hatunayo. Majira yetu ya kujihadhari ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli ambayo katika Mkoa wa Tanga huanza Oktoba na kufika Desemba. Adui wetu ni maji yanayotoka juu na unyevu unaopanda kutoka chini, na wadudu wanaoufuata unyevu huo.

Ni vyema kueleza kwa nini nyumba isiyokaliwa huharibika upesi kuliko inayokaliwa, kwa kuwa kufuli hudhaniwa na wengi kuwa ndio ulinzi wenyewe. Nyumba inayokaliwa hutengenezwa kila siku bila wenyewe kutambua. Mama anapofagia asubuhi huvunja njia ya mchwa iliyojengwa usiku. Moshi wa jikoni hupanda darini, ukakausha fito na nyasi za paa na kuwafukuza wadudu wanaotoboa miti. Ndiyo maana paa la nyasi la jiko la zamani hudumu kuliko la chumba cha kulala kisichowashwa moto. Tone la kwanza likianguka juu ya kitanda, mtu huamka akaweka sufuria, na asubuhi akapanda juu kutazama. Nyumba ikifungwa, kazi hizo zote husimama siku moja. Kwa hiyo kuiandaa nyumba kwa masika ni kutafuta namna ya kuzifanya kazi hizo mwenyewe akiwa hayupo, na sehemu kubwa ya kazi hizo haifanywi na kufuli.

PAA NA NJIA YA MAJI

Matengenezo ya paa na kuta yafanywe Januari au Februari, wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu. Wengi hurudi nyumbani mwishoni mwa mwaka, wakasherehekea, na kukumbuka paa siku mbili kabla ya safari. Udongo uliokandikwa na lipu ya saruji vinahitaji siku za kukauka. Ukuta uliokandikwa ukiwa mbichi na kupigwa na mvua hubanduka wote.

Anayepanda juu ya paa la bati aanze na misumari. Msumari uliolegea au uliopoteza mpira wake huacha tundu dogo lisiloonekana kutoka chini. Njia nyepesi ya kuyagundua matundu ni kufunga madirisha na milango mchana wa jua, kusimama ndani penye giza, na kutazama juu: kila penye nuru patavuja. Tundu la msumari huzibwa kwa lami au kwa msumari mnene zaidi wenye mpira mpya. Kofia ya bati ikaguliwe kwa makini, kwa kuwa upepo huanzia hapo kulibandua paa. Matawi ya mwembe au mkorosho yanayogusa bati yakatwe. Huangusha majani, na panya hutumia tawi kama daraja.

Suala la maji yanayotoka kwenye paa linastahili hesabu kidogo. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya eneo la mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10, ikinyeshewa milimita 50 katika usiku mmoja, humwaga lita 4,000, sawa na mapipa 20 ya lita 200. Pasipo mfereji wa kuyapokea, maji hayo yote huanguka kwenye mstari mmoja chini ya ukingo wa paa, hatua moja tu kutoka ukutani. Udongo mwekundu huchimbika, msingi hubaki wazi, na ukuta wa fito na udongo hulowa kutoka chini. Ukuta wa namna hiyo haudondoki siku ya mvua. Hudondoka wiki mbili baadaye, jua likiwaka, na watu hushangaa.

Kwa hiyo mtaro wa kuyaongoza maji mbali na ukuta ni kazi ya lazima, nao hauna gharama zaidi ya jembe. Uwe na mteremko, utoke pande zote za nyumba, na uishie mahali ambapo hauharibu shamba la jirani. Udongo ulioliwa na mvua za mwaka uliopita urudishwe kuzunguka msingi na kushindiliwa, ukiinamia nje. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji asijione amesalimika: saruji hunyonya maji kama kitambaa, na rangi inayobambuka sentimita 30 kutoka sakafuni ni dalili ya hayo.

Penye mifereji ya bati na tangi la kukingia mvua, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Handeni ambako shida ya maji ni ya miaka mingi, watu huuliza kama tangi liachwe tupu au limejaa. Jibu ni kwamba liachwe na maji. Tangi tupu la plastiki huangushwa na upepo, na likianguka huvunja bomba lake. Lakini mfuniko ufungwe imara, kwa ajili ya watoto wa jirani na kwa ajili ya mbu, na bomba la kupunguzia maji liwekewe wavu na kuelekezwa kwenye mtaro, la sivyo tangi likijaa litaumwagia ukuta maji yale yale tuliyotaka kuyaepusha. Ndoo, matairi, makopo na vifuu vilivyozagaa uani viondolewe au vifunikwe. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga kwenye vyombo vidogo kama hivyo, na mwaka 2019 ugonjwa huo ulienea Dar es Salaam na Tanga.

MCHWA NA WENGINEO

Mchwa hawaingii nyumbani kwa bahati mbaya. Hufuata unyevu na mti mkavu, nao husafiri ndani ya vijia vya udongo kwa sababu hawastahimili jua. Kuni zilizopangwa kuegemea ukuta, mbao zilizobaki baada ya ujenzi, maboksi ya karatasi sakafuni, nyasi ndefu zilizoachwa hadi dirishani: hivyo vyote ni daraja kwao. Pembezoni mwa nyumba paachwe peupe, upana wa mita moja au zaidi, pasipo majani wala kuni, ili kijia chochote kitakachojengwa kionekane kwa mtu anayepita. Ndani, vitanda, makabati na magodoro visogezwe mbali na ukuta na kuinuliwa juu ya matofali. Miimo ya mvule na mninga huwatesa mchwa. Miti laini huliwa ikabaki ganda, na mwenye nyumba hutambua hayo anapoegemea mlango.

Kupaka nguzo oili chafu ya magari ni desturi ya wengi. Inasaidia kwa muda, lakini haifai kupakwa karibu na kisima wala mahali ambapo maji ya paa hupita kuelekea kwenye tangi. Dawa za dukani zipakwe na mtu anayezijua, na nyumba ipewe siku za kupata hewa kabla ya kufungwa.

Panya huzaana sana baada ya mvua, chakula kikiwa kingi mashambani. Hawana haja ya mlango. Penye nafasi ya kidole gumba hupita. Kosa kubwa linalotendeka Handeni, nchi ya mahindi, ni kuacha magunia ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kuwa mwenyewe ameona bei ya soko ni ndogo. Magunia hayo huwalisha panya, na dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima walimwita Skania baada ya kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, huyageuza kuwa unga pasipo kuitwa. Mahindi yauzwe, au yawekwe kwa mtu atakayeyatazama kila wiki. Hata sabuni na mishumaa visiachwe wazi, maana panya hula vyote viwili, na akikosa hivyo hutafuna nyaya za umeme.

Jambo la papasi linasahauliwa siku hizi, nalo lisisahauliwe. Papasi huishi katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, akatoka usiku kunyonya damu, na huweza kuambukiza homa ya vipindi ambayo wazee huiita homa ya papasi. Yeye, tofauti na kunguni ambaye hujulikana na kila mtu, huweza kukaa miaka kadhaa bila chakula. Nyumba ya babu iliyofungwa tangu mazishi yake inaweza kuonekana safi na kavu, kumbe mwenyeji amebaki ndani. Nyufa zote zizibwe kwa udongo laini kabla ya kufunga, na mtu asilale sakafuni katika nyumba ya namna hiyo siku ya kurudi.

Popo walioingia darini hufungiwa nje jioni, wakati wamekwisha kutoka, na si mchana ambapo hufia ndani. Nyuki ni kazi ya mrina asali. Handeni haina upungufu wa watu hao.

NDANI YA NYUMBA

Koki kuu ya maji ifungwe, kisha koki za ndani zifunguliwe hadi maji yaishe kwenye mabomba. Choo cha kuvuta maji kina tatizo lake: maji yanayokaa kwenye kona ya bakuli ndiyo yanayozuia harufu na mende kupanda kutoka shimoni, nayo hukauka baada ya wiki kadhaa. Mimina maji, kisha juu yake vijiko vichache vya mafuta ya kula. Mafuta huelea na kuyachelewesha maji kukauka. Fanya hivyo pia kwenye tundu la bafu na la sinki.

Umeme ukatwe kwenye swichi kuu, na vyombo vyote vichomolewe, kwa kuwa radi za masika huingia hata pasipo mtu. Mlango wa jokofu uachwe wazi kidogo kwa kijiti. Ukifungwa, ukungu utalivaa lote. Mtungi wa gesi ufungwe. Paneli ya jua na betri yake ni heri viteremshwe na kupelekwa kwa mtu mwaminifu. Wenye mita za LUKU wakumbuke kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme, na mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipandishwa kuwa shilingi 18,000 kwa mwaka. Asiyenunua umeme mwaka mzima hajasamehewa. Deni hujikusanya na hukatwa siku atakaponunua.

Madirisha yasizibwe kabisa. Nyumba isiyopita hewa huota ukungu kwenye nguo, vitabu na dari. Matundu ya juu ya hewa yabaki wazi yakiwa na wavu usiotoboka, na milango ya vyumba vya ndani isifungwe ili hewa izunguke. Hati za kiwanja, vyeti na picha za marehemu wetu zisiachwe humo. Bati hununuliwa upya, lakini picha pekee ya mzazi haina duka.

MTU WA KUIANGALIA

Yote yaliyotangulia yatafaa miezi miwili au mitatu. Baada ya hapo nyumba inahitaji mtu. Si lazima awe mlinzi wa mshahara. Mara nyingi shangazi au jirani anafaa zaidi, ilimradi jambo lisemwe waziwazi. Aelezwe kwamba kila wiki mbili, na asubuhi ya kila mvua kubwa, anatakiwa kufungua milango yote, kufagia, kuvunja vijia vya mchwa, kutazama dari na mtaro, na kuwasha moto jikoni kwa saa chache. Apewe ruhusa ya kuchota maji ya tangi na kulima ua. Ruhusa hiyo haikupunguzii mali. Ndiyo itakayomfanya aje. Aachiwe pia fedha kidogo za bati moja na misumari, pamoja na fundi anayefahamika, kwa sababu tundu la shilingi elfu chache linalosubiri ruhusa kutoka kisiwani hugeuka kuwa dari nzima.

Makabidhiano yaandikwe hata baina ya ndugu: funguo ngapi, vitu gani vimo ndani, hali ya kuta ilivyokuwa, na saini mbili. Mwenyekiti wa kitongoji na Mtendaji wa Kijiji wafahamishwe nani ameachiwa nyumba na namba gani ya simu ipigwe. Mtumishi anayeondoka katika nyumba ya Serikali au ya shule ana wajibu zaidi. Asiondoke na funguo kwa kungoja anayemrithi. Azikabidhi kwa maandishi, nyumba ikiwa imekaguliwa, la sivyo uharibifu wa masika utahesabiwa wakati wake.

Uandishi huo una faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 45, inaruhusu ardhi inayomilikiwa kimila kuhesabiwa kuwa imetelekezwa endapo mwenyewe hakuikalia wala kuitumia kwa muda usiopungua miaka 5, au endapo ameondoka nchini bila kumwachia mtu dhamana ya kuiangalia na bila kuiarifu Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri hutakiwa kutoa taarifa kwanza na kusikiliza sababu, lakini taarifa inayobandikwa Mazingara haisomwi na aliyepo Muscat. Aliyehamia kisiwani hajatoka nchini. Aliyekwenda Oman au Uingereza ametoka. Vilevile, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kufungua shauri la kuirudisha kutoka kwa aliyeivamia. Nyumba iliyoanguka na kuota magugu huvuta wavamizi, na kuta zilizosimama, penye mtu anayejulikana na kijiji, ni ushahidi mkubwa kwamba mwenyewe yupo.

SIKU YA KURUDI

Mwenye nyumba afike mchana, si usiku. Azunguke nje kwanza akitazama nyufa mpya na kuta zilizopinda. Ukuta uliopinda usiingiwe chini yake mpaka fundi auone. Afungue milango na madirisha, akae nje nusu saa hewa ibadilike, kisha aingie na fimbo na tochi, maana nyoka hupenda mahali palipotulia penye panya. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwani vumbi lake huvutwa puani. Kinyunyizwe maji yenye dawa ya kuua vijidudu na kufutwa kwa kitambaa. Akikuta panya wengi wamekufa ndani pasipo sumu, asiwaguse, na atoe taarifa zahanati: Wilaya ya Lushoto, jirani wa Korogwe, ilipatwa na tauni mwaka 1980, na ugonjwa ulirudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20.

Nyaya zikaguliwe kabla ya swichi kuu kuwashwa. Maji ya kwanza ya bombani yamwagwe, na yale ya tangi yachemshwe. Moto uwashwe jikoni siku hiyo hiyo, magodoro yaanikwe juani, na usiku wa kwanza familia ilale ndani ya vyandarua, kitandani.

Mwaka huu maandalizi yaanze mapema. Wenye likizo ya Januari wanashauriwa kutenga siku nne za mwanzo kwa ajili ya paa na mtaro, kabla ya shughuli nyingine, na wasioweza kusafiri wapeleke fedha na maagizo kwa waangalizi wao kabla ya tarehe 15 Februari.